Kelele ya mu Radio ya Bâchée ya Maulidi

Siku ya pili ya juma, le 7 janvier 2003

Mu Butembo hii hakuna moteur inakohoa bila mimi kujua. Basoda banakamata muji, banauachilia, bengine banakuja — ile ni mambo yao. Mais gari za muji ziko mu mikono yangu mimi, Gérard. Nikilala mugonjwa siku mbili, soko inakosa chumvi. Si mimi nasema. Bantu njo banasema.

Leo Muzee Maulidi alikuja yeye mwenyewe, na kofia yake ya mosquée ku kichwa. Zamani, mbele ya vita, alikuwa na camion tatu. Moja ilichomwa, moja basoda balibeba, moja hakuna mwenye kujua. Amebakia na kagari ka mizigo, 404 bâchée, rangi ya maziwa, nzee kuliko dereva wake. Eti ikipata joto inakohoa na kufa. Eti radio yake inalia krrrr, hapana sikia hata habari ya barabara ya Beni. Nikamwambia: acha hapa, Muzee. Siku mbili!

Batterie yake iko karibu kufa. Hassan, ule dereva, alitaka tuisukume, mimi nikae ku volant, nishike usukani. Hapana! Kusukuma ni ya bantu hawana akili. Mimi ni manivelle, chuma ya kuzungusha moteur kwa mukono. Zamani niliwasha camion ya tonne kumi kwa mukono mumoja, mu mukono ingine nashika kikombe ya chai — na chai haikumwangika. Hassan akauliza kama ilikuwa na sukari. Mutu wa bibi wawili, na bado hana heshima.

Mugongo inauma. Nalala.

Siku ya tatu, le 8 janvier

Nimefungua capot, kifuniko ya moteur. Byote bimechoka kama mimi. Vis platinées — kale kamdomo kenye kukata na kurudisha moto mu delco, sanduku ya kugawa moto — kamekulwa, kana shimo kama jino bovu. Nilikasugua na lime, ile tupa ya kucha ya Mama Luc, bibi yangu. Yeye hajajua.

Moteur inaenda kidogo zaidi, kisha inakufa. Radio — krrrr. Sasa, kelele ya radio ni luga. Mutu mwenye masikio anaisoma. Ikilia wiiii sawa mbu, ni dynamo, mashine yenye kujaza batterie. Ikilia tak-tak-tak na kukimbia pamoja na moteur, ni moto ya bougie, zile zinawasha essence. Hii inalia yote mbili! Nikamwambia Hassan: ni antenne. Akasema: "Vieux, antenne na tak-tak bimeingiliana wapi?" Nikamwambia mimi nilitengeneza radio ya ndege ku Goma, na ndege inaruka. Akapanda kukaza antenne.

Haikuwa antenne.

Siku ya ine, le 9 janvier

Kanyere alikuja kutoka shamba, jembe ku bega. Dada yangu mudogo, tumbo moja; mimi njo Yaya wake, kaka mukubwa. Hakunisalimia vizuri. Aliangalia gari, akauliza: "Yaya, radio ya ile gari inashika Beni?"

Nikajua sababu. Binti yake, Bénie. Tangu mbele ya Noël hakuna habari. Bénie aliolewa ku barabara ya Mambasa, kule ukipita Mangina, na vita imepita mule yote. Bantu balikimbilia pori. Bengine bametokea Mangina, bengine Beni, bengine — tusiandike ile. Sasa radio ya Beni inasoma majina ya bale bametokea, na mahali banalala. Siku ya ine na siku ya posho, ile ya sita, saa kumi na moja ya mangaribi. Ku ondes courtes, mawimbi mafupi. Mais mu Vulamba, mutaa yetu, nani iko na radio ya kushika ile? Ya paroisse, basoda balibeba. Zingine hazina piles, batterie zao ndogo, na piles haziko tena mu soko. Kunabakia 404.

Saa ikafika, nikapiga manivelle. Kama moteur inalala, radio inakunywa kale kabatterie na kukamaliza. Donc lazima moteur iende. Na moteur ikienda — krrrr, tak-tak-tak, wiiii! Kanyere alikaa ndani, sikio ku haut-parleur, pale sauti inatokea. Tulifahamu tu kama kuko mwanamuke anasoma kitu. Labda majina. Labda bei ya maharagi. Kisha moteur ikakufa, na mwanamuke pamoja naye.

Kanyere akafunga kitambaa ya kichwa upya. "Siku ya posho utakuwa umetengeneza?" Nikasema: ata mbele ya pale! Unaniuliza mimi?

Sijui kwa nini ninasemaka vile.

Siku ya tano, le 10 janvier

Leo ni dynamo. Nilitoa courroie, mukanda yenye kuizungusha, nikaacha moteur iende kidogo bila yeye. Wiiii ikapotea. Ah! Nikafungua dynamo, nikasafisha, nikakwangua mahali fil ya masse, waya ya kurudisha courant, inashika chuma paka chuma ikang'aa. Nikarudisha courroie. Wiiii haikurudi! Nikaita Hassan, nikaita Mama Luc, nikaita jirani. Munasikia?

"Tunasikia tak-tak-tak," Mama Luc akasema. "Na lime yangu iko wapi?"

Siku ya posho, le 11 janvier

Tak-tak-tak.

Kanyere alikaa mu gari paka mwisho. Akashuka, akaniambia: "Wasingya, Yaya." Aksanti! Aksanti ya nini? Angenitukana, ningelala vizuri.

Bénie njo mutoto mumoja mu familia yote aliamini byote ninasemaka. Alikuwa anakaa kwangu juu ya pneu nzee ya gari, miguu haifike chini, namwambia nilivyopeleka camion ya kahawa paka Mombasa, freins za kusimamisha zikakatika ku mutelemuko kule Uganda, nikashuka na klaxon tu. Bengine balicheka. Yeye aliuliza: "Mujomba, na bahari ilikuwa rangi gani?" Nikamwambia: rangi ya mafuta ya moteur, ikiwa mupya. Akafikiri mingi juu ya ile.

Mombasa iko kweli. Niliona picha.

Siku ya kwanza, le 13 janvier

Condensateur! Kale kakopo kadogo kama kidole, pembeni ya delco. Hassan alileta ingine, ametoa wapi sikuuliza. Nikaiweka. Moteur imeenda asubui yote, imepata joto, imeendelea. Haikohoe. Ile kufa yote ilikuwa kakopo tu. Nilijua tangu siku ya kwanza, sikuandika tu.

Mais tak-tak-tak iko pale pale.

Muzee Maulidi alipita kusikiliza gari yake. Nikamuomba: kama mutoto wa dada yangu anapatikana ku Beni, utaachilia gari iende kumuchukua? Akaangalia chini, akasema: "Maître, kama inasimama vizuri, chukua. Na mimi iko na batoto." Ni mutu, Maulidi. Hassan akasema yeye ataendesha, barabara ya Beni anaijua shimo kwa shimo. Nikamwambia na mimi naijua. Akasema: "Basi tutapokezana volant, Vieux."

Nikaenda kutafuta kitambaa ya kupangusa mikono.

Siku ya pili, le 14 janvier

Mvula. Nilikuwa nimeinama mu moteur, inaenda, capot wazi, radio inalia. Kanyere akafika na sahani ya bugali. Akaona maji inaingia, akanipiga mugongoni: "Yaya, toka mule, unaloa kama kuku!" Akafunga capot — pa!

Na radio ikashuka. Kelele nusu, imepotea.

Tukaangaliana. Akafungua: TAK-TAK-TAK. Akafunga: tak-tak-tak, kule mbali. Kumbe! Capot ni chuma, inafungia kelele ndani. Na sisi siku zote tunasikiliza capot iko wazi, juu mimi ninapenda kuona moteur ikifanya kazi!

Nikamwambia: nilikuwa nangoja tu nione kama utafahamu weye mwenyewe. Akanipatia sahani.

Hassan hakukuwa, gari ikabakia mu mvula. Mama Luc akasema: si uiingize chini ya tôles, ya mabati? Nikamwambia docteur hapana lalaka mu kitanda ya mugonjwa. Akaniangalia. Nikaifunika na bâche, turubai yake.

Siku ya ine, le 16 janvier

Capot imefungwa. Nimefunga na tresse ya masse, waya ya kusukwa, kati ya capot na gari, nimekwangua chuma, nimekaza. Jirani balijaa ku dirisha, kila mutu na jina yake anatafuta. Mwanamuke wa radio sasa tunamusikia — sauti, pumzi, ata karatasi anageuza. Mais kila jina inakatwa-katwa. Kanyere alishika mukono wangu na kucha zake zote. Alikuwa anasema majina pamoja na radio, anajazia mwenyewe pale inakatwa: Be... Bénie... Be... Kila jina alitaka ikuwe Bénie. Nilitoka inje.

Muzee Maulidi alikuwa pale, nyuma ya bantu. Akasema polepole, ili bengine basisikie: "Maître, ile siku gari ilifika kwangu, radio iliimba bila kelele. Paka pale uliweka zile fil zako za nguvu."

Fil za bougie, waya zenye kupeleka moto. Bon. Mwaka ya kwanza ya vita byote bilikosekana! Na zile fil za kiwanda — ukizipasua, ndani hakuna cuivre, hakuna shaba. Kuko uzi mweusi tu, kama makaa. Makaa! Moto itapita wapi? Mimi nilitoa ile uchafu, nikaweka cuivre mutupu, fil nene ya kupeleka courant mu nyumba. Na moteur ilipiga nguvu, kila mutu aliona. Bafundi bote ba Butembo balifuata mimi. Leo hakuna gari ya essence, ya petroli, mu muji na fil ya makaa. Na hakuna radio ya gari inasikika — ile makaa njo ilimezaka kelele. Na sisi bote tunasemaka: ni vita inaharibisha ma-ondes.

Nilimujibu: Muzee, bitu binazeeka. Akasema: "Ndiyo, Maître. Binazeeka."

Sikukula leo.

Siku ya tano, le 17 janvier

Asubui kwa Nyanya Vagheni. Nyuma ya nyumba yake kuko 404 ingine, ya marehemu bwana yake, aliyekuwa ananunuaka kahawa. Ilikufa mbele ya vita. Haina pneu, haina vioo, kuku zinalala ndani. Mais hakuna fundi aliwahi kugusa moteur yake, juu jogoo ya Vagheni ni mubaya kuliko barrière ya basoda.

"Gérard! Unatafuta nini mu nyumba ya kuku zangu?"

"Kamba kidogo, Nyanya."

"Mutu wa Mombasa anakosa kamba?"

Jogoo ilinipiga hapa chini ya jicho. Nilitoka na fil tano — ine za bougie na moja ya bobine, yenye kuzalisha moto — nyeusi, laini, zimejaa mavi ya kuku. Vagheni akanipapasa mifuko kama nimebeba mayai.

Nilizisafisha na essence. Nikamwambia Hassan: hii ni système mupya, inatoka Ulaya. Akanusa. "Ulaya yao inanuka kuku, Vieux."

Siku ya posho, le 18 janvier

Naandika polepole.

Saa kumi na moja, nikapiga manivelle. Moteur ikashika. Nikafunga capot. Radio — hakuna kitu! Nikafikiri imekufa. Hassan akageuza bouton kidogo, na mwanamuke wa Beni akawa pale, kama amekaa kati yetu. Moteur inaenda na hakuna ata tak moja! Jirani balipiga kelele, Kanyere akabafokea: "Nyamazeni, weye na weye!" Bakanyamaza bote, ata batoto.

Anasoma Oicha. Anasoma Mangina. Mama mumoja mu dirisha alisikia ya kaka yake, akakaa chini mu matope. Kisha Mulekera, ku Beni, bale banalala mu nyumba za masomo.

Na akasema: Bénie, binti ya Kanyere, wa Butembo, Vulamba. Iko muzima. Iko na mutoto wake. Bwana yake balipotezana mu pori. Muguu yake imeumia, hawezi kutembea, hawezi kupanda pikipiki. Anaomba mujomba wake Gérard, dereva wa zamani wa Mombasa, akuje kumuchukua na gari.

Vile vile. Mu radio. Jina yangu.

Kanyere aliweka kichwa ku tableau de bord, pale juu ya radio, mabega inaruka.  Jirani bananipiga mugongoni: "Gérard! Bantu bote ba Beni banakujua!" Hassan akasema: "Dereva wa Mombasa, kesho naona weye unashika volant, mimi nakaa nyuma na ndizi." Nilicheka na bote. Nilisimama wima. Kisha nilienda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya pneu ya Bénie. 

Siku ya Mungu, le 19 janvier

Hassan hayuko. Kwenye misa ya kwanza balisema basoda banashika badereva, ku rond-point na ata mu nyumba, babapeleke kuendesha camion za masasi ku mbele, kule banapigana. Hassan alipita njia ya mashamba, anaelekea Lubero kwa miguu. Badereva bote ba muji bamekuwa bakulima leo — ukiuliza mutu, anakuonyesha jembe.

Siku ya kwanza, le 20 janvier

Nilitembea Vulamba yote. Ule ana homa. Ule bibi yake anasema hayuko, na viatu yake iko ku mulango. Siwezi kubakatalia. Mimi ningekuwa dereva, ningejificha.

Muzee Maulidi alileta contact, ufunguo ya gari, akaiweka mu mukono yangu na mikono yake mbili. "Weye njo dawa, Maître. Basoda banakujua ni fundi, ulitengeneza jeep yao. Ku barrière hakuna mutu atakushika. Na radio yenyewe imekuita."

Ni kweli yote. Sikuona pa kutokea.

Nikasema pneu ya nyuma inaomba hewa. Nikasema graissage, kupaka grisi. Nikasema kesho. Kanyere alikuwa amekaa ku mawe tangu asubui, amevaa pagne, kitenge yake ya Pasaka. Akauliza: "Yaya, muguu ikiumia vile, inaoza kisha siku ngapi?"

Siku ya pili, le 21 janvier

Naandikia mu gari. Ku volant. Moteur inaenda.

Niliwasha na manivelle, pigo moja tu. Haikohoe. Radio inaimba muziki wa Kinshasa, safi, unasikia ata vidole ku guitare. Kazi yangu hii. Hakuna mutu mu Butembo ameifanya mbele yangu, na hii si kujisifu.

Kanyere iko pembeni yangu, kuku mu kitunga, ndizi, kitambaa mupya ya mutoto. Jirani balipanga mustari huku na huku. Muzee Maulidi alifungua mikono, akatuombea Mungu barabara. Nyanya Vagheni alileta mayai matatu ya Bénie, akasema nisiyavunje ku mashimo. Bantu banangoja. Essence inaungua. Siwezi kuzima, juu nikizima mbele yao nitasema nini?

Nilimwambia Kanyere aningoje, naandika feuille de route, karatasi ya safari ya kuonyesha ku barrière. Anaheshimu karatasi. Anaangalia mbele, anatabasamu peke yake. Tangu Noël sijaona ile meno.

Mama Luc amesimama ku mulango, mikono ku kifua. Yeye hapana cheka. Yeye anajua. Miaka yote anajua, na hakusemea mutu ata siku moja.

Kanyere anasema: "Yaya, andika haraka."

Embrayage, klachi ya hii gari, nimeifungua na kuifunga ata macho imefungwa. Najua kila ressort, kila springi yake. Mais kuiachilia na muguu, polepole, gari iende mbele na bantu ndani — ile hapana jua. Mimi sijaendeshaka gari. Hapana Mombasa, hapana Beni. Ata kutoka hapa paka kwa kuku za Vagheni.